Safari ya Kongwa na Kolo: kumrekodi fundi wa chombo cha anga aliyepata akili za ghafla

Watu wameniuliza sana zile picha za stetasi zilikuwa za nini, mtu kavaa ovaroli ya fedha kasimama katikati ya ng'ombe wa Kongwa. Basi naandika yote hapa kwa mpigo, natumia notsi za kwenye simu na picha, maana bei nyingine nimeshaanza kuzisahau.

Kwa kifupi tunatengeneza filamu fupi. Hadithi iko kwenye chombo cha anga kinachoelekea nyota nyingine, na mle ndani kuna fundi mmoja wa kawaida kabisa, yule ukimwomba spana namba kumi anakuletea kumi na mbili. Siku moja mwanga usiojulikana unampiga usoni, anazimia, akiamka ana akili ambazo hakuna binadamu amewahi kuwa nazo. Mwenzake wa zamu anaitwa Luteni, ndo mimi huyo, na Luteni anaanza kumuogopa. Hadithi yote ndo hiyo. Chombo tumekiita Zuzu, ni jina la sehemu huku Dodoma na pia ni mtu mjinga, watu wa Dodoma mshaelewa na mshacheka, tuendelee.

Sini za ndani ya chombo tulishazimaliza zamani kwenye kontena la jamaa yetu Ihumwa. Zilizobaki ni za sayari wanayoshukia, na hizo zilitaka uwanda na miamba, uwanda tukachagua Kongwa, miamba tukachagua Kolo kule Kondoa. Tulikuwa Dairekta (binti wa Chang'ombe, mdogo kuliko sisi wote na ndo anatufokea wote), jamaa wa kamera ambaye tunamwita Kamera tu, Fundi (jamaa anayeigiza yule fundi), mimi, na dereva wa Noah.

Shida ilikuwa skripti. Kwenye skripti ya kwanza Fundi anaonyesha akili zake kwa kuzidisha namba ndefu kichwani halafu mimi natoa macho. Nikamwambia Dairekta, dada, huyu jamaa kwenye maisha yake ya kweli ni wakala wa miamala pale Majengo, anajumlisha kichwani toka asubuhi mpaka jioni na hakuna mteja aliyewahi kumkimbia. Kalkuleta ya buku tano inazidisha kuliko sisi wote na hakuna anayeiogopa. Sasa Luteni anaogopa nini hasa? Hakuwa na jibu, mimi pia sikuwa nalo, tukapanda nalo kwenye gari.

ALHAMISI, Dodoma hadi Kongwa

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka saa tatu kasoro. Kofia za anga, ambazo ni ndoo za rangi za lita ishirini tulizozikata dirisha, rangi yake ya fedha ilikuwa haijakauka, na mwenye Noah alitaka hela yake mkononi kwanza ndo atoe funguo. Noah na dereva ni laki moja kwa siku, mafuta juu yetu.

Njia ni ile ile ya Morogoro, Ihumwa, Chamwino, Buigiri, mpaka Mbande halafu unakunja kushoto kwako au kulia kutegemea unatoka wapi, ulizeni tu, kila mtu pale anajua. Lami muda wote. Mkiwa na gari lenu heshimuni hamsini za vijijini, tochi zipo na faini ni 30,000, hela hiyo ni supu za watu kumi.

Nasema supu kwa sababu Mbande ndo tulipokula, supu ya mbuzi 3,000, chapati mia tano, pilipili bure na ni ya kweli. Na hapo ndo Fundi alipoanza kazi yake ya kula. Dairekta alisoma sehemu kwamba ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili ukiwa umetulia, kwa hiyo akaamua kwamba Fundi akishapata akili awe na njaa isiyoisha, kila sini anatafuna kitu. Kamera akabisha. Akasema ubongo unakula hata ukiwa umelala, ukifikiria kwa nguvu matumizi yanapanda kidogo sana, kwa hiyo mtu mwenye akili nyingi si lazima awe mlafi. Walibishana toka Mbande mpaka Kongwa. Fundi mwenyewe hakuchangia, aliagiza ya pili. Kwenye daftari la hela nimeandika "chakula cha akili" na ukitoa gari na mafuta hakuna kilichotumaliza kama hicho.

Kongwa tulianzia kwa mtendaji. Ushauri kwa watakaokuja na kamera kubwa: kibali cha kurekodi filamu kinatoka Bodi ya Filamu, kiombeni mapema, na kiprintini kopi kadhaa, kwa sababu kila ofisi itataka kubaki na yake na picha ya kwenye simu wengine hawaitaki. Mtendaji wetu alikuwa mstaarabu sana, akatupa na kijana wa kutupeleka malishoni, akakataa hata soda.

Kwa nini Kongwa? Uwanda wake kwanza. Ukiweka kamera chini unaona nyasi na anga basi, hakuna nguzo ya umeme wala bati. Lakini pia Dairekta ana kichaa na ile habari ya karanga. Kwa msioijua, baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, 1947 serikali yao ikaanzisha mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika na Kongwa ikawa sehemu ya kuanzia. Wakashusha mabuldoza na matrekta, mengine yalitengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita, wakaanza kupigana na mibuyu na vichaka. Mvua ikagoma. Udongo wa kule jua likiupiga unakakamaa mpaka jembe linadunda, karanga zimo ndani na hazitoki. Mwaka 1951 wakafunga virago, pauni kama milioni 36 zimekwenda.

Sasa mimi nimesimama pale na ndoo kichwani nasubiri Kamera apate mwanga, nikawa nawaza yule mchungaji wa Kigogo aliyesimama hapa hapa mwaka ule anaangalia zile mashine. Angejuaje? Waliokuja walikuwa na ramani, na mahesabu, na hawakuwa na wasiwasi hata chembe. Wangekuwa wamepatia wangeonekana vile vile. Nikamwambia Dairekta, akasema andika hiyo, nikaandika kwenye simu kwa kidole kimoja maana glavu ya kulia ilikuwa imegoma kutoka.

Wachungaji wetu wa leo walikuwa vijana wawili, walikaa kwenye kichuguu wakatuangalia mchana kutwa. Mmoja akaniuliza, "Kaka, yule ndo mwenye akili?" Nikamwambia ndiyo. "Mbona anakula tu?"

Jioni mvua ikashuka ghafla na vifaa vyote vipo nje. Mama mmoja ambaye hatujui hata jina lake alitupigia kelele tukimbilie kwake, akatoa mbuzi wake kwenye banda ili kamera na betri zikae pakavu, mbuzi wakabaki wamenyeshewa wanatuangalia vibaya. Halafu akatupa ugali wa uwele na mlenda. Tulipotaka kumwachia kitu alikataa, tukamwachia sukari kilo mbili tuliyokuwa nayo, hiyo akapokea. Gesti 20,000 kwa chumba, maji ya ndoo, vyandarua vizima.

IJUMAA, Kongwa hadi Kondoa

Asubuhi tulirekodi kidogo, halafu tukarudi njia ile ile tuliyokuja, sina cha kusema hapo isipokuwa pancha. Karibu na Buigiri tairi la nyuma lilikwisha, spea nayo haina upepo, dereva akasema alijua. Kijana wa bodaboda alibeba tairi akaenda nalo akarudi nalo limezibwa, akakataa hela ya usafiri, akachukua ya pancha tu, 3,000. "Mtanilipa mkitoka kwenye TV." Kaka kama unasoma, bado hatujatoka.

Dodoma tulipita bila kusimama zaidi ya kujaza mafuta, tukashika njia ya Kondoa. Ni kama kilomita 160, lami mpaka Babati, ukiwa na haraka unatumia masaa mawili na kitu. Zamani watu wanasimulia njia hii kwa machozi, sasa hivi unalala. Kabla hamjafika Makutupora nunueni zabibu kama msimu upo. Sisi ilikuwa Machi kwa hiyo zilikuwepo, Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Fundi alimaliza kikapu chake kabla ya Mayamaya na akaanza changu.

Kondoa tulifika jioni. Ovaroli yangu ilichanika kwenye kichaka cha miiba Kongwa, kuanzia kiunoni mpaka nisiposema, na kesho yake ndo sini kubwa. Fundi cherehani alikuwa anafunga, akafungua tena, akaiangalia ile ovaroli ya fedha, akauliza "hii ni ya kwaya?" Nikasema ni ya anga. Akashona bila kuuliza tena, 2,000.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote Kondoa mjini ni baraza moja jirani na gesti, wazee wanacheza bao. Tukakaa na chai ya tangawizi. Kamera ni mtu wa kompyuta, akawahadithia wazee ile mechi ya 2016 kule Seoul, programu inaitwa AlphaGo ilicheza na bingwa wa Korea Kusini, Lee Sedol, mchezo wao wa vijiwe kwenye ubao unaitwa Go. Mechi ya pili, hatua ya 37, mashine ikaweka kijiwe sehemu ambayo hakuna mtu mzima angeweka. Wachambuzi waliokuwa wanatangaza wakadhani imekosea. Lee mwenyewe alikuwa ametoka kuvuta sigara, aliporudi akakiangalia kile kijiwe zaidi ya dakika kumi. Akapoteza mechi ile, na mwisho wa mashindano ilikuwa nne kwa moja.

Mzee mmoja aliyekuwa anacheza na mjukuu wake wala hakushangaa. Akasema, "Huyu kila nikiiacha nyumba yangu iliwe ananiambia babu umezeeka." (Nyumba kwenye bao ni shimo maalumu lenye kete nyingi.) Tukacheka, nikamuuliza, halafu unamfunga? Akasogeza kete, akasema, "Siku nyingine nimezeeka kweli."

Usiku ule sikulala vizuri kwa sababu ya hiyo sentensi. Na mbu pia.

JUMAMOSI, Kolo

Kolo iko barabarani kabisa, mbele ya Kondoa kama unaenda Babati. Ofisi ya michoro ya mapangoni iko pale pale, unalipa kiingilio, mzawa analipa kidogo kuliko mgeni, na unapewa mtu wa kukuongoza, msiende peke yenu. Michoro ya Kondoa imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, maeneo yake ni zaidi ya 150 na mengi yako juu milimani. Ile maarufu, Mongomi wa Kolo, inataka gari la juu halafu kupanda kwa miguu, Noah msijaribu. Sisi tulikodi Land Cruiser kuukuu Kondoa, 150,000 kwa siku na mzee wake wa kuendesha.

Huyo mzee ndo aliyetupa filamu, ingawa hajui.

Kuna korongo la mchanga unavuka kabla ya kufika. Limekauka, jua linawaka, upande wa pili unauona hatua chache tu. Mzee akasimamisha gari, akazima injini, akashuka akaenda kukaa chini ya mti. Dairekta akasema shikamoo mzee, vipi, gari lina shida? "Marahaba. Gari zima." Sasa mbona tumesimama? "Tusubiri." Tunasubiri nini? Akaonyesha kwa kidevu huko juu kwenye milima, tukaangalia wote, mimi niliona mlima. Nikiri tu kwamba hata Fundi aliacha kutafuna.

Tukakaa. Dairekta anazunguka gari, mwanga wa asubuhi aliousubiri wiki nzima unaisha mbele ya macho yake. Kamera akaanza kusema kwa sauti ya chini labda mzee anataka kuongezewa hela. Yule kijana wa kutuongoza akasema kwa Kirangi maneno mawili matatu na mzee, wakanyamaza wote wawili. Ilipita kama saa moja na nusu. Halafu mzee akasimama, akakung'uta suruali, akawasha gari tukavuka kukavu kabisa.

Nikamuuliza, mzee, ulikuwa unaogopa mafuriko? "Kule juu kulikuwa na wingu." Lakini maji hayakuja. "Ndiyo, hayakuja." Basi, akaendesha.

Sasa niambieni. Alipatia au alikosea? Makorongo ya huku yanajulikana, mvua inanyesha mbali na wewe hujaona tone, maji yanakuja ukuta kwa ukuta na gari linakwenda. Kama angevuka na maji yasije tungesema shujaa. Amesubiri na hayakuja, Dairekta anasema ametupotezea mwanga. Mimi nilikaa nyuma yake namwangalia kisogo na sikuwa na njia yoyote ya kumkagua. Yeye anaona kitu mimi naona mlima. Nikaandika kwenye simu: Luteni hamuogopi Fundi kwa sababu Fundi anajua mengi. Anamuogopa kwa sababu kuanzia leo Fundi akikosea, Luteni hataweza kujua.

Tulipofika juu nikamsomea Dairekta. Alikaa kwenye jiwe akafuta kurasa tatu za kuzidisha namba.

Michoro yenyewe nendeni mkaone, siwezi kuimaliza. Ya rangi nyekundu ndo ya zamani zaidi, ya wawindaji, wanyama na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu ajabu, na nyeupe ilikuja baadaye. Mary Leakey na mumewe Louis walikuja kuinakili mwaka 1951, mwaka ule ule Kongwa inafungwa. Sehemu ile bado watu wanaitumia kwa matambiko, kwa hiyo kofia za ndoo tulizivua, na sini zetu tulizipiga kwenye mwamba mwingine mbali na michoro. Msiguse kuta, msimwagie maji picha ili zing'ae, nimeona mtu amewahi kufanya na inauma.

Sini mpya iko hivi. Chombo Zuzu kimeshuka, hewa inavuja, Fundi anamwambia Luteni zima hewa ya chumba cha tatu. Chumba cha tatu kuna mwenzao amelala. Luteni anauliza kwa nini. Na hapa Dairekta akaongeza kitu kizuri: Luteni anataka kuwauliza nyumbani. Hata ukiwa Mirihi tu, redio inatumia kati ya dakika 3 na 22 kufika Duniani, kutegemea sayari zimekaaje, na hawa wako karibu na Proxima, nyota iliyo jirani kuliko zote ukiacha jua, miaka 4.2 kwa kasi ya mwanga. Swali liende, jibu lirudi, zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Ni wewe na huyu mtu ambaye jana alikuwa haijui spana namba kumi.

Fundi anajibu: "Nikikueleza ukaelewa itachukua miaka kumi na moja. Hewa ipo ya dakika nne."

Tuliirudia mara nyingi kwa sababu ya upepo, na mara mbili kwa sababu ya watoto wa kijijini waliotushikia reflekta ya kurudisha mwanga, hawakukosea hata mara moja lakini walikuwa wanacheka (tuliwapa soda na madaftari, mama zao walikuwepo wakakubali). Mwanzoni Fundi alikuwa anaisema kwa ukali, macho makali, sauti nzito, na mimi naigiza kuogopa. Halafu mara moja, sijui alichoka au nini, akaisema taratibu huku anamenya yai la kuchemsha. Akaweka maganda kwenye kiganja changu kama vile mimi ni sahani. Nikauliza, kama ilivyoandikwa, "Una uhakika?" Yeye hakufuata skripti. Akanitazama kwa huruma akasema, "Zima tu, mdogo wangu."

Huyu jamaa nimemzidi miaka sita. Kila siku ananiita bro, na mbele za watu ananiita kaka. Nilisikia baridi mgongoni juani pale, na kwenye klipu unaniona kabisa narudi nyuma hatua moja, hiyo haikuwa kuigiza. Dairekta hakusema kata. Kamera aliendelea mpaka kadi ikajaa.

JUMAPILI, Kolo hadi nyumbani

Asubuhi tulibishana: Luteni anazima au hazimi? Dairekta anataka azime, Kamera anataka agome, Fundi anasema chochote kile ila apewe chai. Mwisho tukarekodi zote mbili.

Chai tulikunywa kwa mzee mmoja jirani na ofisi, na yeye akatuhadithia HADO. Milima hii ya Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, makorongo unaweza kuficha lori ndani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na 1979 serikali ikaamua ng'ombe wote watoke kwenye eneo lililoharibika la Kondoa. Wote. Mfugaji akiambiwa toa ng'ombe hasikii habari ya ardhi, anasikia mtu ametoka mjini amerukwa na akili. Leo ukiangalia kile kilima kina miti, na ng'ombe wa kufugiwa ndani waliruhusiwa baadaye. Nikamuuliza mzee, kwa hiyo walipatia? Akamimina chai. "Miti imerudi. Kaka yangu aliyehamia Kiteto na ng'ombe zake hakurudi." Dairekta akaniangalia, nikamwangalia, hatukuandika kitu wakati ule, niliandika kwenye gari.

Kurudi Dodoma hakuna cha kusimulia, tulilala wote isipokuwa dereva, namshukuru. Asali tulinunua njiani 10,000 chupa ya lita, onjeni kwanza kabla ya kulipa. Jumla ya safari kwa watu watano, gari, mafuta, Land Cruiser, gesti, vibali na chakula cha akili, ni milioni moja na laki nne na kidogo. Mnaweza kwenda kwa chini ya hapo kama mtapanda basi mpaka Kondoa na mkimwacha Fundi nyumbani.

JUMANNE, Dodoma

Tulionyesha klipu za kwanza kwa shangazi yake Dairekta, kwake Nkuhungu, kwenye laptopu juu ya meza ya chakula. Mwisho wa kwanza, Luteni anazima. Mwisho wa pili, hazimi. Tukamuuliza, shangazi, upi bora?

Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Yule aliyelala chumba cha tatu mbona hamjamwamsha mkamuuliza?"

Tukaanza kumweleza habari ya dakika nne, na kwamba hawezi kuelewa hesabu za Fundi. Akasema hesabu zenu hata mimi sizielewi, lakini hewa ni yake, aamshwe aambiwe, atajua mwenyewe anamwamini nani kati ya hao wawili. Dairekta alifunga laptopu na kuanza kuandika nyuma ya risiti ya mafuta.

Kwa hiyo sini imeongezeka na hela imekwisha. Tunamtafuta mama wa umri wa shangazi hivi, anayeweza kulala kwenye kontena Ihumwa kwa nusu siku bila kulalamika joto, halafu akiamshwa aonekane kweli ameamshwa. Nauli tunatoa, chakula kipo, na atakaa mbali na Fundi ili kimfikie. Shangazi mwenyewe tulimwomba, amesema mpaka amalize msimu wa zabibu.